Daktari Kunegunda Anatajwa Sana

Majengo, Songea
9 Februari 2025

Kwa Dk. Kunegunda Luambano, Dar es Salaam.

Ukoo wa Luambano, kwa masikitiko makubwa, unatangaza kifo cha jogoo wa Mama, kilichotokea Mpitimbi Jumanne iliyopita kwa ajali ya baiskeli. Marehemu aliwika kwa uaminifu miaka mingi, ingawa siku za mwisho alikuwa akianza kazi saa nne asubuhi, kama watumishi wengi tunaowajua. Maziko yalifanyika jioni ile ile, kwa ugali. Ameacha wajane sita. Mama hasemi na mwendesha baiskeli, ambaye ni Calvin, mjukuu wake mwenyewe.

Mdogo wangu, salamu nyingi. Natumaini u mzima, na mlamu wangu Muhsini mumeo ni mzima, na bado anaamini kwamba nje ya Tunduru hakuna mtu duniani anayejua kukaanga korosho. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mahindi ya Maposeni yamefika kiunoni, kiuno cha mdogo wetu Lidwina, si changu, maana changu hakijulikani tena kilipo. Lidwina anakusalimu sana. Anasema mdogo wa mwisho ndiye anayebaki na mashamba wakati wakubwa wanabaki na vyeo. Mimi cheo changu ni kuuza beringi na mikanda ya mashine za kusaga, lakini sikumkatiza.

Naandika barua kwa sababu ulijitoa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nilipoweka picha yako ya kipaimara. Sijui kwa nini. Viatu tu ndivyo vilikuwa vikubwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Binti yangu Careen amenionyesha kwenye simu mahali wanapoandika makala zako zote za magonjwa ya ubongo ya watoto, pamoja na idadi ya wataalamu waliokutaja katika makala zao. Ile ya kifafa cha watoto wa Maposeni na Mpitimbi imetajwa zaidi ya mara mia sita. Mimi nimekaa Majengo zaidi ya nusu ya umri wangu, na anayenitaja ni mwenye nyumba tu.

Nikachukua ubao wa bei. Chini ya beringi, mikanda na machekeche nimeandika: DK. KUNEGUNDA, KUTAJWA, halafu namba, ambayo Careen huibadilisha kila Jumatatu. Mteja mmoja aliuliza kama bei hiyo ni ya kimoja au ya dazeni. Bashiru, fundi cherehani jirani yangu, hana raha kabisa. Ananiambia, "Osmund, kwetu mtu akitajwa sana hivyo, ndugu zake wanatafuta wakili." Nikamweleza kwamba kwenye elimu kutajwa ni sifa. Akafikiri, akauliza, "Na hao wanaomtaja wanasema amepatia au amekosea?" Nikamwambia akashone.

Mlamu ameninong'oneza kwamba kamati ya chuo inakaa mwezi wa saba kukupa uprofesa. Nimeunda kamati ya sherehe. Mwenyekiti ni mimi. Katibu ni mimi pia, kwa muda, mpaka apatikane mtu mwenye sifa kama zangu, yaani asiye na kazi. Ng'ombe ametajwa kwa jina. Akina mama wa jumuiya watapika pombe ya komoni, na kwaya inatunga wimbo wenye neno "nyurolojia," ambalo hadi sasa limewashinda sauti ya tatu. Nipe tarehe, ili tusije tukasherehekea kabla ya wewe kufaulu, kama tulivyofanya kwa mtihani wangu wa udereva.

Kaka yako,
Osmund


Dar es Salaam
2 Machi 2025

Kaka Osmund, shikamoo.

Unga wa ulezi umefika. Barua ulikuwa umeitia ndani ya unga, kwa hiyo nimeisoma nikipiga chafya. Rambirambi zangu kwa wajane sita. Mwambie Mama aseme na mjukuu wake, jogoo hatarudi. Muhsini ni mzima na anasema atatuma korosho, ila zisiguswe na mtu wa Majengo mwenye sufuria. Mimi sijambo, isipokuwa usingizi.

Kuhusu ubao, ufute. Nakuomba kama mdogo wako, na nikishindwa nitakuomba kama daktari.

Kaka, wanaonitaja hawanisomi wote. Wengi wanachukua mstari mmoja, ule unaosema kwamba kifafa cha watoto katika vijiji vyetu ni karibu mara mbili ya kwingine. Wanaubeba na kwenda nao. Wengine wanauchukua kwa hao waliobeba. Kuna mtaalamu wa nje ambaye hajafika hata Makambako, amenitaja mimi ili aeleze kwamba mabibi wa Songea wanawaficha wajukuu wagonjwa wasifike kliniki. Na yeye ametajwa na mwingine, kuhusu hao hao mabibi. Ndivyo elimu inavyokua, kaka. Kama umbea, ila una tarehe.

Kamati inasoma makala zangu zote, lakini usidanganyike, inayopimwa ni hiyo moja. Nyingine ni kama wajomba wa bwana harusi, zimekuja kujaza viti. Kwa hiyo ng'ombe aachwe ale majani yake kwa amani.

Jambo dogo kabla sijafunga. Calvin alipoanza kuanguka kifafa, akiwa na miaka mitano hivi, nakumbuka mliniambia amekwenda kukaa kwa Mama Mpitimbi. Huko kwa Mama alikuwa anaitwa nani? Nauliza tu.

Wako,
Kunegunda


Majengo, Songea
30 Machi 2025

Mdogo wangu, marahaba.

Ubao nimeufuta kama ulivyoagiza. Halafu nikaandika upya kwa chaki ya rangi.

Hapa tuko salama. Mama amesema na mwendesha baiskeli, alimwambia "ondoka kwenye mlango." Tunaona ni mwanzo mzuri. Korosho za mlamu zimefika zikiwa pungufu, na mimi kama mjumbe wa pekee wa kamati ya uchunguzi nimejiuliza maswali magumu na kujikuta sina hatia. Kamati ya sherehe ilikutana Jumapili baada ya misa. Hironimus wa kwaya alitaka kujua profesa na daktari nani mkubwa. Nikamwambia daktari anakutibu, profesa anawaambia madaktari wamekosea. Akasema basi profesa ni kama mama mkwe. Tukafunga kikao.

Juzi niliwapeleka Lidwina na mwanawe Calvin kliniki, ile ya mradi wa kifafa, wanayokuja watu wa Maposeni na wa Mpitimbi pamoja. Sijui kama unajua kliniki hiyo inavyokwenda, maana wewe unaijua kwenye makaratasi. Wanakuja mara moja kwa mwezi na gari jeupe. Dawa zipo. Hakuna kuambiwa "zimeisha, rudi wiki ijayo." Calvin hajaanguka tangu kabla ya Krismasi, ana miaka kumi na saba, anaendesha baiskeli na kuua kuku kama kijana yeyote mwenye afya.

Muuguzi ni Shakila, binti wa Tunduru, mkali lakini ana huruma. Siku hiyo alikuwa anawasema mabibi. Mabibi wetu hawaleti wajukuu, wanaitwa kwa majina hawaitiki. Na Mama yetu yumo, mdogo wangu. Alikuja kumsindikiza Calvin, Shakila akamsimamisha mbele za watu: "Bibi Getruda, kila mwezi nakuuliza, kila mwezi unanyamaza. Mungu atakuuliza." Mama akatazama chini akafunga vizuri kitenge chake. Nilifikiri ni mambo ya mafaili, sikuingilia.

Uliuliza na jambo jingine mwishoni, la jina. Nilimwuliza Mama. Akauliza mvua huko Dar ikoje. Nikasema sijui. Kwa hiyo nakuuliza: mvua huko Dar ikoje?

Kaka yako, mwenyekiti,
Osmund


Dar es Salaam
18 Aprili 2025, Ijumaa Kuu

Kaka, shikamoo.

Mvua inanyesha, barabara yetu imekuwa mto, asante kwa kuuliza. Heri ya Pasaka kwako, kwa Mama, kwa Lidwina na wote.

Sasa naomba uache mzaha kwa ukurasa mmoja tu. Najua ni kama kukuomba uache kupumua.

Mwezi wa kwanza kijana mmoja mtafiti, Hassani, aliniomba picha za ubongo za wale watoto wa utafiti wangu, atumie kwenye kazi yake. Ni kijana mwenye adabu mno. Alirudi na picha mbili akaziweka mezani kwangu, akasema, "Samahani Dokta, hawa ni mapacha?" Kaka, hata mapacha hawagawani kovu la ubongo. Kovu moja, upande ule ule, umbo lile lile, katika watoto wawili wa vijiji viwili tofauti. Nikafungua majina, ambayo kwa kawaida hatuyafungui. Mmoja ni Calvin, Maposeni, mzazi Lidwina. Wa pili ni Otto, Mpitimbi, mlezi Getruda Luambano. Hongera, Mama yetu ana mjukuu mwenye jina la marehemu Baba, na mimi sikualikwa ubatizo.

Mwaka ule wa utafiti nilikuwa masomoni nje. Waliozunguka vijijini ni wanafunzi wangu, kundi moja kiangazi Maposeni, kundi jingine masika Mpitimbi. Mimi nililetewa namba, nikazipenda, kwa sababu zilikuwa kubwa.

Nimeziangalia picha nyingine. Siwezi kuapa, si wote walipigwa picha. Lakini wapo wengine wanaofanana hivyo.

Mimi nilipelekwa kwa masista nikiwa mdogo, mambo ya kwetu nayajua kama mgeni anavyojua njia ya kwenda chooni tu. Wewe ulikulia pale. Nijibu. Ni sisi tu, au ndivyo wanavyofanya wote mtoto akianza kuanguka, kumpeleka kwa bibi na kumpa jina jingine? Kama ni sisi tu, ni kosa la mtoto mmoja, nalisahihisha na maisha yanaendelea. Kama ni wote, basi watoto wazima nimewahesabu mara moja na wagonjwa mara mbili, na ule mstari unaobebwa dunia nzima ni uongo, na chini yake pana jina langu.

Kunegunda


Dar es Salaam
8 Juni 2025

Kaka, shikamoo.

Barua yangu ya Pasaka labda imelala kwenye ofisi ya mizigo. Imelala usingizi mzito. Simu nayo umeiweka mbali na sikio, Careen anasema upo shamba, Lidwina anasema upo dukani. Muhsini anapendekeza nitangaze kwenye redio kwamba mtu wa makamo, mnene kiasi, mwongeaji, amepotea na kauli yake.

Kamati inakaa mwezi ujao. Sijamwambia mtu. Nasubiri neno moja tu kutoka kwako, ndiyo au hapana.

Kunegunda


Majengo, Songea
15 Juni 2025

Mdogo wangu, marahaba.

Mama ni mzima. Mahindi tumevuna, si haba. Bashiru ameshona suti yangu ya sherehe kwa vipimo vya zamani, kwa imani kwamba nitavirudia.

Barua yako ya Pasaka haikulala popote. Ilifika siku ya tatu. Ipo kwenye mfuko wa koti langu la misa, nimekwenda nayo kanisani kila Jumapili nikidhani Roho Mtakatifu ataisoma na kunijibia.

Sasa nisikilize, maana mimi ni muuza vipuri, kichwa changu kinaelewa vitu vinavyozunguka tu. Kabla ya mstari wako huo, unakumbuka? Lidwina alikuwa anapata vidonge mwezi mmoja, miezi miwili anaambiwa arudi. Calvin alianguka kwenye moto wa jiko. Ule mkono wake umeuona, vidole viwili havifunguki mpaka leo. Mstari wako ulipoanza kutajwa, likaja gari jeupe. Hawakuja kwa sababu ya mkono wa Calvin. Walikuja kwa sababu ya namba.

Ukiwaandikia sasa kwamba samahani, wagonjwa ni nusu, gari litageuza. Uprofesa wako nao utapanda gari hilo hilo. Na mimi nitakwenda kwa Lidwina nimwambie nini? Kwamba mwanao atarudi kuanguka, lakini tufurahi, makala ya dada yako sasa ina usahihi wa hali ya juu?

Unataka nikwambie watu wanafanya nini nyumbani kwao. Mimi sijui. Ukiniuliza wewe sijui, ikiniuliza kamati sijui zaidi. Kuna mambo nyumbani kwa Mama hayatamkwi, na sikuyatamka hata nilipokuwa na akili timamu.

Watu mia sita wametaja. Waache wataje. Watoto wetu wanakula vidonge.

Sherehe iko pale pale. Ng'ombe tumeshamwandaa kisaikolojia.

Osmund


Dar es Salaam
6 Julai 2025

Kaka, shikamoo.

Nimepokea karanga, na majibu yako. Hukujibu, na hakuna aliyewahi kunijibu vizuri hivyo.

Nimeliandikia jarida kwamba makala isahihishwe na nimewaeleza kwa nini. Nimeuandikia mradi. Nimeondoa jina langu kwenye kamati ya mwaka huu. Mwenyekiti wa kamati alinipigia, akasema kwa upole kwamba watu wengi wanasahihisha baada ya kupanda cheo, ndio utaratibu. Nikamshukuru kwa kunifundisha utaratibu.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa, na ungekataa vizuri, na mimi ningekubali. Nimekaa wiki nyingi na mkono wa Calvin kichwani. Sijui dawa zitakuwaje. Huo ndio ukweli wenyewe, sina mzaha wa kuuvisha.

Mradi wanamtuma mtu, Bi. Saada, siku ya kliniki ya mwezi huu. Anataka kila mlezi amtajie mtoto wake kwa majina yake yote, ili wajue nani ni nani. Wasipotajiwa, watapunguza orodha kwa kukisia. Kaka, wakikisia wanaweza kumfuta Calvin na kumbakiza Otto. Halafu vidonge vitaandikiwa mtoto ambaye kila mtu ananyamaza akiitwa.

Najua sasa kwamba majina hayo mawili hayatamkwi pamoja. Muhsini amemwuliza shangazi yake, kwao Tunduru wana kitu kama hicho, ingawa anasema chao kina adabu zaidi. Mimi siwezi kuja kuwaambia, mimi ndiye niliyewaandika mara mbili. Nenda wewe. Ongea, ndicho unachokiweza.

Na ng'ombe mwachieni.

Kunegunda


Majengo, Songea
10 Agosti 2025

Mdogo wangu, marahaba.

Watu wote wazima, isipokuwa kamati ya sherehe, ambayo imevunjwa. Komoni ilikuwa imeshaiva, kwa hiyo tulifanya kikao cha kuvunja kamati kwa siku mbili. Careen ananiambia kutajwa kwako kumeongezeka tangu jarida litoe masahihisho, maana sasa wanataja na kosa. Bashiru alisikia. Alivuta tu miwani chini na kunitazama, na mimi nikafuta ubao.

Sasa nikueleze siku ya kliniki ilivyokuwa, kama ilivyokuwa, maana Lidwina atakupigia na atasema niliongea vizuri. Sikuongea vizuri.

Nilikwenda asubuhi na Mama, Lidwina na Calvin. Watu walikuwa wamejaa, wamama mabenchi ya mbele, mabibi nyuma, chini ya ukuta. Bi. Saada ni mwanamke mpole, mwenye sauti ndogo. Alieleza anachotaka. Hakuna aliyejibu. Akaeleza tena, taratibu zaidi, kama tatizo lilikuwa masikio. Hapo nikasimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilianza na kichekesho cha mtu mwenye majina mawili na deni moja. Mdogo wangu, nimechekesha watu misibani, lakini pale hakucheka hata mtoto. Nikasema dada yangu amekosea, amehesabu vibaya, tumsaidie. Bibi mmoja akasema bila kuinua kichwa, "Yeye ana kalamu, sisi tuna watoto." Nikakaa.

Ndipo Shakila akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alifungua kabati. Alitoa makopo ya vidonge, akayapanga mezani, yakajaa, akayapanga chini. Yote yalikuwa yamekwisha muda. Akasema, "Hizi ni za watoto ambao hawaji. Kila mwezi zinaletwa, kila mwezi naandika: bibi hajamleta. Nimewasema hapa mbele za watu. Nimewatajia Mungu." Akawageukia wale mabibi. "Hamkuwaleta, au waliletwa na mama zao kwa jina jingine?"

Hakuna aliyesema ndiyo. Lakini hapo na mimi nikaelewa, nikajisikia mjinga kwa kila senti ya akili yangu. Nilikuandikia kwamba ukisema ukweli dawa zitaondoka. Dawa nilizokuwa nazipigania zilikuwa zinaozea kabatini. Watoto wetu walikuwa wanameza zao, za jina moja. Jina la pili lilikuwa halimezi kitu, lilikuwa linamtukanisha Mama. Na yule mtaalamu wako asiyefika Makambako, aliyeandika kuhusu mabibi wanaoficha wajukuu, alikuwa anaandika habari za Mama yetu, kwa kukutaja wewe. Miaka yote hiyo Mama alisimama pale akasemwa, kwa sababu kujibu kulikuwa kuyaweka majina mawili kwenye sentensi moja. Jina la kwanza huachiwa ugonjwa, na kwa bibi halitamkwi tena, ndivyo wanavyosema. Ukiyataja pamoja umeuonyesha ugonjwa njia ya kurudi. Ndiyo, mdogo wangu, ni wote. Umejibiwa.

Mama alisimama. Hakuna aliyemsukuma. Alishika meza, akamwambia Bi. Saada, "Andika. Otto wangu ni Calvin wa Lidwina. Ni mtoto mmoja. Anakula dawa yake." Kisha akabaki amesimama.

Kila mtu akamtazama Calvin. Nasema kila mtu, hadi dereva wa gari. Alikuwa dirishani anakula muhogo. Tukamtazama kama watu wanaosubiri chungu kifurike. Akaangalia nyuma yake aone tunaangalia nini, akauliza, "Nimefanya nini tena?"

Bibi wa pili akasimama, halafu wa tatu. Wengine walinong'ona, wengine walimwita mama wa mtoto aje aseme nusu na yeye aseme nusu, ili pasiwe na mdomo mmoja wenye hatia. Bi. Saada aliandika zote bila kuuliza maswali, nampa heshima kwa hilo. Shakila alizunguka benchi kwa benchi akiwaomba radhi, na baadhi walikataa kupokea, ikiwa ni pamoja na Mama, ambaye alimwambia atafikiri. Mradi wametuma majibu juzi. Wanabaki hadi mwisho wa mwakani, kisha watatazama. Vidonge walivyoleta safari hii ni nusu ya vya zamani. Shakila amevigawa, vimetosha.

Sitaki uishie hapo ukafurahi, maana nimesema nitakueleza yote.

Wiki iliyofuata tulikuwa kwa Mama Mpitimbi, tunapukuchua mahindi uani. Calvin alianguka. Alianguka vibaya, kwa muda mrefu, tangu kabla ya Krismasi hakuwahi. Lidwina alikuwa kisimani. Majirani walikuja ukutani na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu wote tulikuwa tunawaza neno moja, ile njia ya kurudi, na mimi nikiwemo, na suti yangu na hotuba zangu. Tukamwangalia Mama.

Mama alikaa chini kwenye maganda. Akamgeuza ubavu kama Shakila anavyofundisha, akaweka kitenge chini ya kichwa, akasubiri. Ilipokwisha na macho yakafunguka, akamfuta mdomo kwa kiganja.

"Calvin," akasema, nyumbani kwake, majirani wakisikia. "Jana ulimeza?"

Akasema alisahau.

Kaka yako,
Osmund